Ngitili: Pori Lililoundwa na Binadamu

Katika masomo ya shule, mazingira hugawanywa mara nyingi katika mafungu mawili: ya asili, kama vile misitu na mito, na yale yaliyotengenezwa na binadamu, kama vile barabara na majengo. Mgawanyo huo humfaa mwanafunzi anayeanza, lakini katika nchi ya Wasukuma mpaka wenyewe si rahisi kuuona.

Mji wa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, umo katika nyanda kavu za Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Katika nyanda hizo Wasukuma wana desturi ya kutenga ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa kwa mifugo mvua zinapoanza, na kufunguliwa wakati wa kiangazi nyasi za kwingineko zinapokwisha. Mgeni huona humo kichaka cha migunga tu. Kwa kweli hilo ni ghala la chakula cha ng'ombe, lenye mipaka, ratiba, wenyewe na sheria.

Ghala hilo hufanya kazi vipi? Mti ukatwapo, mara nyingi mizizi yake hubaki hai ardhini na kutoa machipukizi, ambayo huliwa na mifugo kabla hayajakomaa. Eneo likifungwa, machipukizi hukua. Nyasi nazo hupata muda wa kutoa mbegu, na udongo uliofunikwa hunywa maji ya mvua badala ya kuchukuliwa nayo. Binadamu hakuunda mbegu wala mizizi. Alichobuni ni muda wa kusubiri.

Uwanda mtupu nao haukutokea wenyewe. Tangu miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilihimiza ufyekaji wa mapori ya Usukuma ili kuwanyima kivuli mbung'o, waenezao nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Baadaye kilimo cha pamba, ukataji wa kuni na wingi wa mifugo viliendeleza kazi ya shoka. Kuhamishwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970, kuliwatenga wengi na ngitili zao.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao eneo lake lilikuwa pamoja na Meatu. Baada ya muda wataalamu walitambua kwamba desturi ya wenyeji ilifaa kuwa msingi wa kazi hiyo. Mabaraza ya kimila, dagashida, yalisaidia kusimamia sheria. Kufikia mwaka 2004, makadirio yalionyesha kuwa zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Somo hili lina uzito. Anayeliona ngitili kuwa pori la bure hulilima bila kujua kwamba anabomoa ghala; na anayeuona uwanda mkavu kuwa maumbile hukata tamaa ya kuuponya.

Wanafunzi wanaweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Wazungushie miiba kipande kidogo cha ardhi ya shule inayolishwa mifugo, wakiache kingine cha ukubwa huohuo wazi, kisha wahesabu machipukizi ya vyote viwili kila mwezi kwa msimu mmoja wa mvua. Tofauti watakayoipata ndiyo kipimo cha kazi ya uzio na subira.