Siku ulimi ulipoumbua jina la mvinyo

WAHENGA walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ilizaliwa chini ya minazi ya Pwani, lakini funzo lake halina mipaka. Mnamo Mei 24, 1976, lilibisha hodi jijini Paris, katika nchi ambayo kwa karne nyingi ilihesabiwa kuwa haina mpinzani katika utengenezaji wa mvinyo.

Si kwamba Wafaransa walikuwa wametia maji mvinyo wao, la hasha. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba hapakuwa na mgema mwingine duniani.

Sifa hizo zilikuwa na msingi. Warumi ndio waliosambaza kilimo cha mizabibu katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, na watawa wa Burgundy wakakiendeleza kwa uangalifu mkubwa. Mnamo 1855, mvinyo mwekundu wa Bordeaux ulipangwa katika madaraja matano, na mpangilio huo ungali unaheshimiwa hadi leo. Ilipofika 1973, Chateau Mouton-Rothschild ilipandishwa hadi daraja la kwanza, na tukio hilo likawa habari kubwa.

Kwa upande mwingine, jimbo la California nchini Marekani lilikuwa likijikongoja. Marufuku ya vileo iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933 iliwafungisha virago watengenezaji wengi, na ujuzi ukapotea pamoja nao. Waliofufua kazi hiyo katika bonde la Napa walikuwa watu wa asili mbalimbali. Mike Grgich alikuwa mhamiaji kutoka Croatia, naye Warren Winiarski aliacha kazi ya kufundisha chuoni Chicago ili akalime mizabibu.

Aliyewakutanisha mahasimu hao alikuwa Mwingereza, Steven Spurrier, mmiliki wa duka na shule ya mvinyo jijini Paris. Marekani ilikuwa ikiadhimisha miaka 200 ya uhuru wake, na Spurrier, pamoja na msaidizi wake Patricia Gallagher, akaona ni fursa ya kuutambulisha mvinyo wa California. Aliwaalika waamuzi tisa Wafaransa, miongoni mwao Aubert de Villaine wa Domaine de la Romanée-Conti na Odette Kahn, mhariri wa jarida mashuhuri la mvinyo. Waamuzi hao waliletewa aina 10 za mvinyo mweupe, kisha 10 za mvinyo mwekundu. Katika kila kundi, sita zilitoka California na nne Ufaransa. Majina yote yalifichwa.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Mwonjaji stadi huanza kwa macho, akitazama rangi na ung'avu wa kinywaji. Kisha huzungusha glasi ili harufu ipande, akanusa kabla ya kuonja. Hupiga funda dogo, akalizungusha kinywani huku akipima utamu, uchachu na ule ukakasi unaokausha ulimi, ambao hutokana na maganda na mbegu za zabibu. Mwishowe hulitema, asije akalewa na kupoteza uamuzi, huku akipima ladha inayobaki kinywani.

Hata hivyo, hatua zote hizo huweza kuvurugwa na karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye chupa. Anayejua kwamba anakunywa mvinyo wa bei ghali huuonja utukufu kabla ya kuuonja mvinyo wenyewe. Jina likiondolewa, ulimi hubaki peke yake.

Peke yake, ulimi ulisema mambo ya kushangaza. Mmoja wa waamuzi aliusifu mvinyo mmoja kuwa wa Kifaransa bila shaka, kumbe ulitoka Napa. Mwingine ulidharauliwa kuwa wa California kwa kukosa harufu, kumbe ulikuwa miongoni mwa aina tukufu za Burgundy.

Alama zilipojumlishwa, Chateau Montelena ya 1973, kazi ya mikono ya Grgich, iliongoza upande wa mvinyo mweupe. Matokeo hayo yalitangazwa kabla ya mvinyo mwekundu kuonjwa, na waamuzi wakazidi kuwa macho ili aibu isirudiwe. Haikusaidia. Stag's Leap Wine Cellars ya 1973, iliyotengenezwa na Winiarski, iliipiku Mouton-Rothschild ya 1970 kwa tofauti ndogo mno. Kahn alidai arudishiwe karatasi zake za alama, lakini hakupewa.

Huenda habari hizo zingezikwa papo hapo. Mwanahabari mmoja tu, George Taber wa jarida la Time, ndiye aliyeitikia mwaliko. Taarifa yake fupi ya Juni 1976 ilitosha kuueneza mshtuko huo kote duniani.

Wakosoaji walikuwa na hoja. Waamuzi tisa ni wachache, alama zao zilipishana sana, na tofauti baina ya mshindi na wa pili ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuwa ya kubahatisha. Aidha, walidai kwamba mvinyo mwekundu wa Bordeaux ulikuwa bado mchanga, na kwamba miaka ingeurudishia hadhi yake. Dai hilo lilipimwa mnamo 2006, shindano liliporudiwa baada ya miaka 30. Nafasi tano za kwanza zilitwaliwa na California, ikiongozwa na Ridge Monte Bello ya 1971.

Spurrier aliaga dunia mnamo 2021, Grgich mnamo 2023 na Winiarski mnamo 2024. Chupa za mvinyo ulioshinda zimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, jijini Washington.

Ufaransa nayo haikuangamia. Mmiliki wa Mouton alishirikiana na Robert Mondavi wa Napa kutengeneza mvinyo wa Opus One, ambao mavuno yake ya kwanza ni ya 1979. Aliyeshindwa alikubali kuketi na aliyemshinda, na wote wawili wakafaidika. Mgema mwenye busara hukubali tembo lake lionjwe pamoja na la jirani, tena katika vibuyu visivyo na majina.