KIDUMBAKI ARUSINI NA JUKWAANI

Neno kidumbaki lina maana mbili: ngoma ndogo ya udongo iliyowambwa ngozi, na pia mchezo mzima unaopigwa kwa ngoma hiyo. Huko Unguja ngoma hizo huwa mbili, nazo hufuatana na fidla, sanduku la uzi litoalo sauti nzito, cherewa za vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, na mkwasa, yaani vijiti vya kugonganishwa. Wengine huuita mchezo huu kitaarabu. Lakini kiambishi ki- kisitupoteze tukadhani kuwa ni taarabu iliyopungua.

Tofauti kubwa imo katika maneno. Mwimbaji wa taarabu aghalabu huimba shairi lililokwisha kutungwa. Wa kidumbaki hana budi kutunga papo hapo, akiwatazama waliohudhuria arusi, akimsifu huyu na kumsuta yule. Nao humjibu kwa kucheza na kutunza.

Kidumbaki kimepata kupigwa pia katika Sauti za Busara, tamasha lisilo la serikali lililoanza Unguja mwaka 2004, na ambalo mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Jukwaa la namna hiyo huwapatia wapigaji wasikilizaji wapya. Lakini mgeni hamjui anayesutwa, na fumbo lisilo na mlengwa hubaki sauti tupu. Basi mkusanyaji wa nyimbo hizi asiridhike na zilizoimbwa jukwaani. Azifuate arusini, na pamoja na maneno aandike yaliyotukia yalipotamkwa.