Fahamu: Kwa nini shingo haiachi kuuma?
Mtazame fundi cherehani saa kumi jioni: kidevu kifuani, mabega yamepanda hadi masikioni. Kichwa chake kina uzito wa kilo 5 hivi, na kadiri anavyoinama ndivyo misuli ya shingo inavyoelemewa. Simu nayo hutuinamisha vivyo hivyo.

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Kuchua hutuliza tu. Chanzo huenda ni mkao, msongo wa mawazo au neva iliyobanwa. Eksirei pekee haitoshi kukibaini, maana hata wasioumwa wengi wana pingili zilizolika. Kinachosaidia zaidi, ingawa polepole, ni mazoezi ya kuimarisha shingo na mabega.

Mkono ukilegea, au vidole vikishindwa kufunga vifungo vya shati, wahi hospitali.