Marekani: Uwindaji wa ndege unavyochangisha fedha za watoto wagonjwa

Mahindi yakishavunwa katika majimbo ya katikati ya Marekani, kuanzia mwezi wa kumi hivi, mashamba hubaki mabua na nyasi ndefu zilizokauka. Humo ndimo anamojificha fezanti, ndege wa jamii moja na kuku na kwale. Jogoo wake ana kichwa cha kijani, uso mwekundu, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu. Jike ana rangi ya udongo, unaweza kupita hatua mbili kutoka alipo usimwone.

Majira hayo, asubuhi ya Jumamosi, si ajabu kukuta wakulima, wenye maduka, mafundi na mameneja wa benki wamesimama pamoja karibu na ghala la shamba fulani. Wamevaa vizibao na kofia za rangi ya chungwa, wanakunywa kahawa, mbwa wao wanavuta kamba. Kila mmoja amelipa kiingilio ili awinde, na kinachobaki baada ya gharama kitakwenda kwa watoto wenye saratani, maradhi ya moyo na magonjwa mengine mazito.

Kwa msikilizaji wa kwetu, kuua ndege na kumhurumia mtoto mgonjwa ni mambo yasiyoiva chungu kimoja. Wako Wamarekani pia wanaosema hivyo, na tutafika huko. Lakini kwanza tuangalie shughuli yenyewe inavyoendeshwa, maana ina somo la fedha linalomhusu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harambee.

Ndege mgeni aliyegeuka mwenyeji

Fezanti si ndege wa asili wa Marekani. Aliletwa kutoka China mwaka 1881 na Owen Denny, balozi mdogo wa Marekani mjini Shanghai, akaachiwa huru katika eneo la Oregon. Alizaana sana. Jimbo la South Dakota lilifungua msimu wake wa kwanza wa kumwinda mwaka 1919, kwa siku moja tu na katika wilaya moja tu, Spink. Mwaka 1943 jimbo hilo lilimfanya kuwa ndege wake rasmi. Leo mwindaji wa fezanti wa porini huko anaruhusiwa majogoo 3 kwa siku. Majike hayaguswi, kwa sababu ndiyo yanayotaga.

Uwindaji wa hisani, hata hivyo, mara nyingi haufanyiki kwa ndege wa porini. Hufanyika kwenye mashamba ya kuwindia yenye leseni, ambako ndege waliofugwa huachiwa kwenye nyasi asubuhi hiyo hiyo. Sababu ni rahisi: mtu aliyelipa kiingilio na kusafiri mwendo mrefu hataki kurudi mikono mitupu. Ndege wa porini hana miadi na kamati.

Wawindaji hugawanywa vikundi vya watu wanne au watano. Kila kikundi hupewa kiongozi, mbwa na kipande chake cha shamba. Mbwa hunusa, kisha husimama ghafla kama sanamu, pua ikielekea alipo ndege. Kiongozi husogea, ndege huruka kwa kelele, na bunduki za marisau hulia. Ndege aliyeanguka huletwa na mbwa. Mchana wote hurudi kula, na ndege husafishwa na kupelekwa nyumbani kuliwa.

Fedha hasa zinatoka wapi?

Wengi hukosea hapa. Ndege haleti fedha. Ndege ni gharama. Ameagizwa kwa mfugaji miezi kadhaa kabla, amelishwa, na lazima alipiwe.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Kamati imepata vikundi 20 vya watu wanne wanne, na kila kikundi kimelipa dola 1,500. Hizo ni dola 30,000. Kamati imenunua ndege 400 kwa dola 20 kila mmoja, yaani dola 8,000. Kukodi shamba, viongozi na mbwa ni dola 5,000. Chakula dola 3,000, bima dola 1,000, na matangazo na mengineyo dola 1,000. Jumla ya gharama ni dola 18,000. Zimebaki dola 12,000. Kwa kila dola ya kiingilio, mtoto amepata senti 40 tu.

Kamati zenye uzoefu haziishii hapo. Huanza na wadhamini: duka la matrekta, benki ya mji, muuza magari. Kila mmoja huombwa kubeba gharama fulani, kwa mfano chakula au ndege, na jina lake huandikwa kwenye bango. Kisha jioni unakuja mnada. Vitu vya mnada vimetolewa bure: samani iliyochongwa na fundi wa kijijini, mtoto wa mbwa wa kuwinda, safari ya kuvua samaki, keki ya mama fulani. Humo watu walioshiba na kufurahi hufungua mifuko. Turudi kwenye mfano wetu: wadhamini wakitoa dola 10,000 na mnada pamoja na bahati nasibu vikileta 20,000, mapato yote ni dola 60,000. Gharama ni zile zile 18,000. Watoto wanapata 42,000, yaani senti 70 katika kila dola.

Sasa geuza mfano. Theluji imeanguka mapema, au kamati ilianza kutangaza kwa kuchelewa, na vikundi vilivyokuja ni 10. Mapato ya kiingilio ni dola 15,000, lakini ndege walishaagizwa, shamba limeshalipiwa na bima imekatwa. Shughuli iliyoandaliwa kwa ajili ya watoto inaishia na deni. Ndiyo maana kamati makini haiagizi ndege kabla ya wadhamini kuahidi kwa maandishi na vikundi kulipa sehemu ya kiingilio.

Sheria ya kodi ya Marekani nayo inabana. Mtu akilipa zaidi ya dola 75 kwa shirika la hisani na kupewa kitu badala yake, shirika lazima limwandikie thamani ya alichopewa. Kikundi kilicholipa dola 1,500 kwa siku yenye thamani ya dola 900 kimechangia dola 600, na hizo tu ndizo zinazoweza kuhesabiwa kuwa sadaka wakati wa kodi. Mashirika mengi ya hisani pia hupeleka taarifa ya fedha serikalini kila mwaka, na mwananchi yeyote anaweza kuiomba aisome. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika utaratibu huu, zuri kuliko hata mnada.

Bunduki themanini shambani

Watu themanini wenye bunduki, wengine hawajafahamiana, ni jambo la kutisha. Mwaka 2006, Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa akiwinda kware huko Texas. Aligeuka kumfuata ndege aliyeruka, akafyatua, na marisau yakampata mwenzake, mwanasheria Harry Whittington mwenye umri wa miaka 78, usoni, shingoni na kifuani. Whittington alipona. Lakini kama hilo liliwapata watu wazoefu katika kundi dogo, fikiria kwenye umati.

Kwa hiyo asubuhi, kabla mtu hajagusa risasi, hutolewa maelekezo. Rangi ya chungwa ni lazima, ili mtu aonekane katikati ya nyasi. Wawindaji hutembea mstari mmoja sawa, na kila mmoja ana upande wake wa kupiga. Hakuna kugeuka nyuma. Ndege anayeruka chini chini haachiwi risasi, kwa sababu chini yake kuna mbwa au mtu. Bunduki hubaki tupu na wazi mpaka kiongozi aseme. Pombe hutolewa jioni tu, bunduki zikiwa zimefungiwa kwenye magari. Mhudumu wa kwanza wa afya huwepo, na mtu anayekaidi huondolewa hata kama ndiye mdhamini mkubwa. Hilo la mwisho ndilo gumu kutekeleza, kule kama kwetu.

Si wote wanaokubali

Mwaka 1980, huko Arizona, mtoto wa miaka 7 mwenye saratani ya damu alitamani kuwa polisi. Maofisa wa jimbo walimshonea sare na kumrusha kwa helikopta, naye akafariki siku chache baadaye. Kutokana na mtoto huyo likazaliwa shirika la Make-A-Wish, linalowatimizia watoto wagonjwa sana matakwa yao. Mwaka 1996 shirika hilo lilimsaidia kijana wa Minnesota mwenye uvimbe kwenye ubongo kwenda Alaska kuwinda dubu. Watetezi wa wanyama walikuja juu, na baadaye shirika likaacha kutimiza matakwa yanayohusu bunduki na uwindaji. Wawindaji nao wakakasirika. Katika jimbo la Pennsylvania likaanzishwa shirika jingine, Hunt of a Lifetime, kwa ajili ya watoto wagonjwa wanaotaka kuwinda.

Wanaopinga husema uhai hauwezi kuchangiwa kwa kuua. Wanaounga mkono hujibu kwamba ndege huyo ataliwa kama kuku wa sikukuu. Hoja ya pili ina nguvu pale nyama inapoliwa kweli. Ndege akiachwa aoze shambani, haina nguvu tena.

Na sisi huku?

Msikilizaji usije ukachukua gobori la babu ukaenda kukusanya kwale kwa ajili ya harambee. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa kibali tu, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na ndege wa porini nao wamo ndani ya sheria hiyo.

Lakini ondoa bunduki, na kinachobaki unakifahamu. Ni mnada wa mavuno kanisani, ambapo jogoo mmoja ananunuliwa, anarudishwa mezani na kuuzwa tena, mpaka bei yake inatosha kununua mbuzi. Ni bonanza la mpira la kuchangia matibabu. Swali ni lile lile: katika kila shilingi elfu moja iliyotolewa, ngapi zimefika kwa mtoto, na ngapi zimeishia kwenye turubai, muziki na soda?

Swali hilo ni zito kwa sababu ya hali ya watoto wenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wanaougua saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini na za kipato cha kati hawafiki 30. Sababu mojawapo ni kufika hospitali wakiwa wamechelewa, nyingine ni kuacha matibabu njiani. Tanzania, shirika la Tumaini la Maisha hushirikiana na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kuwatibu watoto wenye saratani bila malipo. Hata hivyo mzazi wa kijijini anatakiwa nauli ya kurudi tena na tena kwa miezi, na nyumbani ameacha shamba na watoto wengine. Nauli hiyo ndiyo kamati ya kijiji inaweza kuibeba.

Kamati ikiamua kufanya hivyo, ianze pale wanapoanzia wale wa South Dakota: imtafute wa kubeba gharama kabla ya kutangaza tarehe. Mwenye duka atoe mchele, mwenye gari atoe mafuta, shule itoe uwanja. Michango ya simu isiingie kwenye namba ya mtu mmoja, hata awe mzee anayeheshimika vipi. Iingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watu wasiopungua watatu wa kuidhinisha. Wiki moja baada ya shughuli, karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe ofisi ya kijiji, soda zikiwemo. Na familia ya mtoto iulizwe mapema kama inataka jina na picha yake vionyeshwe. Wapo wanaopenda, na wapo wanaotaka msaada bila mtoto wao kujulikana kijiji kizima kwa ugonjwa wake.