Baruti Nusu, Risasi Nzima

Kabla ya Kariokor, Shauri Moyo na Kaloleni kujengwa, Nairobi ya Waafrika ilikuwa na vijiji kama Pangani ya zamani, na miongoni mwa waliokaa huko walikuwamo watu wa safari: wapagazi, wapishi, wabeba bunduki. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, msafara wake ulihitaji wapagazi zaidi ya 200. Yeye mwenyewe alikuwa na bunduki ya mitutu miwili iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London, zawadi kutoka kwa Waingereza waliompenda. Mara nyingi mbeba bunduki ndiye aliyeubeba mzigo huo mchana kutwa, na mwenyewe akaushika dakika ile tu ya kufyatua.

Bunduki hizi zilibuniwa kwa ajili ya ndovu, nyati na kifaru. Mitutu miwili imelala sambamba, kila mmoja na utaratibu wake wa kufyatua, ili risasi ya kwanza ikikosa, ya pili iwe tayari bila kukoki bunduki upya. Risasi inayojulikana zaidi katika ukoo huu ni .470 Nitro Express. Kichwa chake kina uzito wa gramu 32 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 655 kwa sekunde, kikibeba nishati ya joule 6,900 na ushei. Kwa kulinganisha, risasi ya AK-47 hubeba takriban joule 2,000, na ile ya G3 ambayo polisi wa Kenya wameibeba kwa miongo mingi hubeba takriban 3,000.

Nishati haiendi mbele peke yake. Bunduki nayo hurudi nyuma, na begani ndipo hesabu inapolipwa. Ukizidisha uzito wa kichwa na wa gesi ya baruti kwa kasi zao, ukagawanya kwa uzito wa bunduki ya kilo tano kasorobo, utaona kwamba .470 humpiga mfyatuaji teke la joule 70 hivi. G3 humpiga kwa 13 au 14. Anayepigwa namna hiyo mara kumi asubuhi moja huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, mkono unakaza, na shabaha inakufa. Hilo si suala la uoga. Ni mwili unaojifunza haraka kuliko akili.

Ndiyo maana wenye bunduki hizi walianza kutafuta risasi za mazoezi zenye nguvu pungufu. Sababu ya pili, ya kujijazia risasi wenyewe, ilikuwa ya soko. Kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, kilicholisha bunduki kubwa za Afrika na India kwa miaka mingi, kiliacha kutengeneza risasi hizo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyebaki na bunduki bila risasi alilazimika kuokota maganda yaliyotumika, kuweka fataki mpya, kupima baruti mwenyewe na kukandamiza kichwa juu. Huko Marekani na Ulaya kazi hii ni halali na ina wapenzi wake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya bunduki, Sura ya 114, hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni. Kwa hiyo usitarajie kupata vipimo hapa. Ninachotaka ni fizikia yake, kwa kuwa inasema jambo ambalo sisi wa Eastlands ya Nairobi tuna sababu ya kulijua.

Tuanze na hesabu rahisi. Nishati hupanda na kushuka kwa mraba wa kasi. Ukiondoa theluthi moja ya kasi ya .470, hubaki na chini kidogo ya nusu ya nishati, yaani joule 3,100 hivi. Bega linashukuru. Lakini tazama tena namba hiyo: risasi ya "mazoezi", iliyopunguzwa hadi mwenye bunduki anaiona laini, bado ina nguvu ya risasi kamili ya G3. Upole wake uko upande wa begani peke yake.

Kisha kuna mitutu yenyewe, na hapa ndipo utaalamu wa watengenezaji wa zamani unaponivutia kuliko chochote kingine. Mtutu wa kulia ukifyatuliwa, nguvu hupita kando ya kitovu cha bunduki, na bunduki nzima hugeuka kidogo kwenda kulia na juu wakati kichwa cha risasi bado kinakimbia ndani ya chuma. Wa kushoto huigeuza kwenda kushoto na juu. Fundi akiifunga mitutu miwili ikae sambamba kabisa, risasi zitaachana. Kwa hiyo huifunga ikiwa imeelekeana kidogo kwa mbele, ili teke lenyewe liirudishe kwenye mstari. Kiasi gani? Hakuna aliyekijua kwa karatasi. Fundi alikwenda uwanjani na bunduki ambayo mbao na nakshi zake hazijakamilika, akafyatua kulia, akafyatua kushoto, akatazama matundu kwenye shabaha, akapasha moto lehemu pale mdomoni mwa mitutu, akasogeza kabari ndogo ya chuma iliyokaa kati ya mitutu, akaacha ipoe, akafyatua tena. Aliendelea hivyo hadi matundu yakakaribiana.

Kumbe bunduki hiyo imefungwa kwa baruti fulani, kichwa fulani na kasi fulani. Ukibadilisha baruti unavunja mapatano. Wapigaji wazoefu husema kasi ikizidi risasi huwa zinapishana, na kasi ikipungua huwa zinaachana. Mtu anaweza kufanya mazoezi ya mwaka mzima kwa risasi laini na kujifunza kwa uangalifu mkubwa mahali pasipofaa kulenga.

Ndani ya ganda nako mambo hayatulii. Ganda la .470 lina urefu wa milimita 83, na lilibuniwa kwa ajili ya kodaiti, baruti ya vijiti virefu kama tambi iliyobuniwa na Frederick Abel na James Dewar mwaka 1889. Kodaiti haipendi joto: jua la Afrika na India likiipasha, mgandamizo ndani ya bunduki hupanda. Ndiyo sababu wabunifu wa enzi hiyo walipendelea maganda makubwa yenye nafasi. Sasa mwaga baruti nusu ndani ya ganda hilo. Bunduki ikiinama, baruti huteleza mbele na kukaa mbali na fataki; ikiinuka, hurudi nyuma. Mwako hubadilika kutoka risasi hadi risasi. Wajazaji wengine huweka usufi juu ya baruti ili isitembee, huu huu wa misufi ya Pwani tunaotia kwenye mito. Wengine wanauogopa usufi huo kwa madai kwamba umewahi kuharibu mitutu. Na zipo bunduki zilizopasuka kwa baruti kidogo mno, jambo ambalo wataalamu wamelibishania muda mrefu bila kukubaliana juu ya chanzo chake.

Hatari iliyo wazi zaidi ni ya kichwa kukwama. Nguvu ikiwa ndogo sana, risasi husimama katikati ya mtutu. Mwigizaji Brandon Lee alikufa hivyo mwaka 1993 wakati wa kupiga filamu ya The Crow: kichwa cha risasi kilikuwa kimebaki ndani ya bastola, na risasi ya maigizo isiyo na kichwa ikakisukuma nje. Baruti ya "bure" ikawa na kitu cha kurusha.

Mitaani kwetu hoja ya nguvu pungufu husikika kila kukiwa na maandamano. Mtu atakuambia hizo ni blanki, au kwamba polisi wanapiga hewani tu. Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, siku chache baada ya kafyu ya korona kuanza, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi tumboni akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Polisi walisema ni risasi iliyopotea. Afisa mmoja baadaye alishtakiwa kwa mauaji.

Risasi ya hewani imepimwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Marekani lilifunga bunduki ya rashasha ikielekea juu kabisa, kwenye jukwaa lililojengwa katika maji ya Florida, na Julian Hatcher akaandika matokeo. Kati ya risasi zaidi ya 500, ni nne tu zilizoanguka kwenye jukwaa. Hewa ilikuwa imezipunguza hadi karibu mita 90 kwa sekunde. Wengine hutaja namba hiyo kama faraja, wakisahau kwamba risasi ndogo huweza kupenya ngozi ya binadamu kwa kasi iliyo chini ya hapo.

Isitoshe, Hatcher alikuwa na fremu ya chuma. Askari anayekimbia barabarani hafyatui wima. Hufyatua kwa pembe, na risasi iliyopigwa kwa pembe haisubiri kupanda ndipo ishuke. Mitaa yetu nayo si tena ile ya nyumba za chini za Jericho na Jerusalem. Pale Pipeline, fleti zinapita ghorofa saba na vichochoro kati yake ni vyembamba. Risasi ya G3 ikipigwa "hewani" kwa digrii 45 kutoka umbali wa mita 15, itagonga ghorofa ya tano baada ya chini ya sekunde 0.03, ikiwa na karibu joule zake zote 3,000.