Maradhi ya Njia ya Uzazi Si Jambo la Kufichwa

Mama wa Nangwa, wilayani Hanang, akishikwa na homa ya malaria husema wazi, na jirani humsindikiza zahanati. Lakini akiumwa chini ya kitovu, au akitokwa na uchafu usio wa kawaida ukeni, mara nyingi hunyamaza, akachemsha mizizi na kurudi shambani. Kimya hiki si cha Nangwa peke yake. Kimo mijini na vijijini kote nchini. Nasi tunasema kimya hicho ndicho kinachoyapa maradhi nafasi.

Yafaa kwanza tuelewe kwamba maradhi haya hayana asili moja. Yako yatokanayo na vijidudu ambavyo kwa kawaida huishi katika mwili wa mwanamke bila kumdhuru, kama vile fangasi, ambao huzidi wakati wa mimba, kwa mwenye kisukari, au baada ya kutumia dawa za antibiotiki. Ugonjwa huo si ushahidi wa uzinzi, wala si sababu ya kumpiga mke au kumrudisha kwao. Yako pia yaingiayo wakati wa kuzaa au kutoa mimba kwa vifaa vichafu. Na yako yaambukizwayo kwa kujamiiana, kama kisonono, klamidia na kaswende.

Hatari kubwa ni kuchelewa. Kisonono na klamidia huweza kupanda kupitia mlango wa kizazi hadi kwenye mji wa mimba na mirija ya mayai. Huko huacha makovu, mirija ikaziba, na mama akakosa mtoto au akapata mimba nje ya mji wa mimba. Kaswende nayo huweza kumuua mtoto tumboni, ingawa hutambuliwa kwa kupima damu na kutibiwa kwa sindano za penisilini.

Hapa hatuna budi kusema na wanaume. Mwanamume aweza kuwa na klamidia bila dalili yoyote, akamwambukiza mkewe, kisha akawa wa kwanza kumwita tasa. Je, hiyo ni haki? Mke akitibiwa peke yake naye mume akabaki na ugonjwa, tiba hiyo ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Na katika nyumba yenye wake wawili au watatu, wote pamoja na bwana wao yawapasa kupimwa na kutibiwa.

Kwamba jambo hili lawezekana vijijini, mkoa wa Mwanza ulikwisha kuthibitisha. Kati ya mwaka 1991 na 1994, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya huko walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, wakapewa dawa za kutosha. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko katika vijiji ambavyo mpango huo ulikuwa haujafika. Kazi hiyo ilifanywa katika zahanati zile zile za kawaida, na wahudumu wale wale.

Basi, tufanye nini? Mama asijisafishe ndani kwa sabuni wala dawa, maana huua vijidudu vinavyomlinda. Asinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema, na mumewe afuatane naye. Wasichana wapelekwe kuchanjwa dhidi ya virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi, chanjo iliyoenea nchini tangu mwaka 2018. Nao wahudumu wa zahanati watunze siri na kuacha masimango, kwani mgonjwa aliyeaibishwa leo hatarudi kesho.

Ndugu wasomaji, ujinga na maradhi ni maadui waliozoea kutembea pamoja. Tukizungumza nyumbani na mikutanini, bila matusi na bila haya, tutakuwa tumewatenganisha.