Usinunue Rangi, Nunua Chesesi!

Kuna ugonjwa umewaingia vijana wa Kanda ya Ziwa, na dawa yake haiuzwi dukani. Kijana akishapata vijisenti, badala ya kukimbilia IST kama wenzake, anataka mkweche wa heshima: Land Rover 109 ya enzi za Mwalimu. Anataka apite nayo katikati ya Kahama taratibu, mkono nje ya dirisha, watu wageuke. Simlaumu hata kidogo. Na pale mamia ya Land Rover yalipokusanyika Arusha Oktoba 2024, homa ilizidi. Kila mwenye bati linalooza nyuma ya nyumba akaanza kuliita "klasiki".

Tabu ni moja: gari la namna hii halina bei ya kuandikwa ukutani. Bei yake iko kichwani mwa muuzaji, na muuzaji anaisoma usoni mwako. Huku kwetu kwenye dhahabu ndiyo balaa zaidi. Rashi ikitokea kijiji fulani cha Geita, watu wana mapene mkononi na haraka mguuni, na mwenye gari anajua.

Ajabu ni kwamba watu hao hao kwenye dhahabu hawadanganyiki. Nenda soko la dhahabu Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019. Hakuna anayenunua kwa kung'aa. Mzigo unapimwa usafi, unawekwa kwenye mizani, ndipo bei inatajwa. Kwa gari la zamani tunafanya kinyume: bei inatajwa kwanza, halafu tunatafuta sababu za kuikubali!

JUA UNACHOKIANGALIA

Dalali atakwambia "hii ni ya mwaka 60, bro". Usibishane naye, angalia gari. Land Rover za zamani kabisa zina taa za mbele katikati, karibu na grili. Mwishoni mwa miaka ya 60 taa zikahamia kwenye mabawa. Kama saa za dashibodi ziko mbele ya dereva badala ya katikati, hiyo ni Series III, iliyoanza 1971 na kuisha 1985. Kama imekaa juu ya springi za koili badala ya zile za mabamba, hiyo ni ukoo wa 110 ulioanza 1983, ambao jina la Defender ulilipata 1990. Namba ya usajili isikuzuge pia. Inakwambia gari lilisajiliwa lini, siyo lilizaliwa lini.

Kisha atatoa simu akuonyeshe Land Rover inayouzwa Marekani kwa maelfu ya dola. Mwambie polepole: Wamarekani wanaruhusiwa kuingiza kwa urahisi gari lililotimiza miaka 25, na Defender iliuzwa kwao rasmi miaka michache tu, 1993 hadi 1997, ndiyo maana wanaigombania. Tena ile ya kwenye picha imeshatengenezwa kila kitu. Bei yake haihusiani na mkweche wa Kahama uliolala chini ya mwembe.

SUMAKU NA NYUNDO

Nenda asubuhi na mapema, na uombe gari lisiwashwe kabla hujafika. Shika boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo linafichwa. Injini iwashwe ikiwa baridi, uangalie moshi: wa bluu inakula oili, mweupe usioisha maji yanaingia yasikotakiwa, mweusi dizeli haiungui vizuri.

Beba sumaku ya spika mbovu na nyundo ndogo. Kwenye Toyota, sumaku ikikataa kushika mlango, ujue hapo ni puti. Lakini bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, sumaku haishiki na wala siyo kosa. Bodi hiyo hailiwi na kutu, ndiyo maana inadanganya watu: juu inang'aa, chini kumeoza. Kazi ya sumaku na nyundo iko kwenye chesesi, na kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu yako. Gonga taratibu. Chuma kizima kinalia ngaa! Kilichooza kinajibu bufu, kama debe la mahindi.

Ukavu wa Shinyanga unasaidia. Gari lililokulia huku mara nyingi lina kutu kidogo kuliko la pwani. Lakini la huku lina maradhi yake. Kama limebeba mawe kutoka duarani kwenda kwenye karasha, lala chini uangalie pale springi zinaposhikwa na chesesi. Ufa hukaa hapo, na rangi mpya nyeusi hupakwa hapo hapo.

Halafu injini. Nyingi zimeshavalishwa injini ya Toyota au Nissan. Kama unataka gari la kazi, siyo dhambi. Ila usilipe bei ya klasiki kwa gari lenye moyo wa kuazima, na namba ya injini ilingane na ya kwenye kadi.

PIGA HESABU KABLA YA KUPIGA SOGA

Mwezi jana nilimsindikiza kijana wa Katoro kwenda kuangalia 109 Kahama. Mzee mwenye gari alitaja milioni 13. Dalali akadakia: "Wahi mapema, kuna Mzungu anaitaka kesho." Huyo Mzungu wa kesho nimemsikia kila gereji, nadhani ana umri kuliko gari lenyewe!

Kijana alikuja na fundi wake aliyemlipa mwenyewe, siyo fundi wa dalali. Alikuwa ameshauliza watu watatu waliokwisha nunua, siyo wanaouza, akapata kwamba 109 iliyosimama vizuri ni kama milioni 15. Wakakaa pembeni na daftari. Tairi nne 1,400,000. Injini kufunguliwa 2,600,000. Kuchomelea chesesi 800,000. Breki 400,000. Nyaya za umeme 300,000. Jumla 5,500,000. Akaongeza milioni moja ya yale yasiyoonekana, maana ukifungua gari la zamani ubovu huzaa. Kumi na tano toa sita na nusu: zimebaki nane na nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmeipenda?"

"Tumeipenda mzee. Hatuidharau. Hebu tusomee pamoja hapa."

Mzee akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Ya tairi alikubali. Ya injini alibisha sana. Mwisho wakashikana mikono kwa milioni tisa, bila kugombana. Bei za mafundi wako zitakuwa tofauti, kwa hiyo usinakili tarakimu zake, nakili daftari.

KADI NDIYO GARI

Ndipo kadi ikatolewa. Jina ni la marehemu kaka yake mzee! Kijana hakutoa hata senti. Gari la marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, vinginevyo siku moja watoto wa marehemu watakuja kulidai, na watakuwa na haki. Walikubaliana mzee aende mahakamani, mshiko ukae benki. Mzee hakununa. Alisema hata yeye atalala vizuri.

Na lile lililokuwa na namba za DFP, yaani la mradi wa wafadhili, uliza kama kodi ililipwa lilipouzwa. Liliingia kwa msamaha, na deni hilo laweza kumeza faida yako yote. Lililotoka serikalini liwe na karatasi za mnada.

Sasa wewe unayesoma hapa huku fedha zinakuwasha mfukoni: bei ya haki ni bei ya gari zima, utoe gharama ya kulifanya zima, na karatasi ziwe safi. Muuzaji akikataa daftari lako, mwage kwa heshima uende zako. Mikweche hii ina miaka hamsini inasubiri. Haiwezi kukukimbia wiki moja.